Mbuzi ya Nazi Niliyoipaka Vanishi

Nilifika Pemba nikiwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Mkanda wangu ulikatika ndani ya treni, mahali fulani baada ya kutoka Tabora, nilipoinama kuvuta begi lililokwama chini ya kiti. Begi lenyewe lilikuwa zito kwa vitu ambavyo mtu mwenye akili asingevibeba hata kuvuka barabara: kufuli zisizo na funguo, funguo zisizo na kufuli, saa ya ukutani iliyosimama, miwani yenye kioo kimoja. Nguo zilikuwa mbili. Wakaguzi wa tiketi walilifungua, wakatazamana, wakalifunga tena bila kuniuliza kitu, na nadhani walinionea huruma.

Dar es Salaam nilipanda boti mpaka Unguja, na kutoka Unguja boti nyingine mpaka Mkoani. Mkondo wa Pemba haukunipenda. Kutapika, kama hujawahi kugundua, ni kazi ya mikono miwili: mmoja wa kushika mfuko, mwingine wa kujishikilia. Mimi wa pili ulikuwa kwenye suruali. Mama mmoja aliyekaa jirani alinishikia mfuko mpaka tunatia nanga, akawa ananiuliza taratibu, "Huko unakokwenda, una watu?" Nikamjibu sina. "Una kazi?" Sina. Akatikisa kichwa, akaniombea dua.

Sababu ya safari yote hiyo ilikuwa bati la biskuti. Utotoni kwetu Tabora palikuwa na Mpemba mwenye duka, na chini ya meza yake aliweka bati lililojaa vifungo, misumari iliyonyooshwa, vifuniko vya kalamu na vipande vya kamba. Siku moja nilimuuliza vya nini. Akanijibu, "Kwetu hakitupwi kitu." Pengine alikuwa bahili tu. Lakini mimi neno hilo nilitembea nalo miaka thelathini. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo familia ilikubaliana kutoyazungumza, nikaishi Singida, Iringa, Mtwara, Bukoba, nikipiga picha za paspoti, nikifundisha tuisheni, nikibandika protekta za simu. Kila mji nilioondoka niliukumbuka kwa machozi, na kila mji nilioingia niliuchoka ndani ya mwaka.

Kisha siku moja Dar es Salaam niliingia ukumbi fulani kukwepa mvua. Ndani palikuwa na ndara moja ya mguu wa kushoto, imewekwa juu ya kijimeza cheupe, imewashiwa taa, na pembeni yake karatasi ndogo inayoieleza. Watu walisimama mikono nyuma wakiitazama. Nikauliza ni nini, nikaambiwa ni sanaa: mtu anakusanya vitu vya kila siku, anavihifadhi, anavipa maelezo. Nikasema moyoni, hii naiweza. Ndara ninazo. Na kisiwa kisichotupa kitu nakijua. Nikarudi Tabora kufunga begi.

Nilipata chumba Tibirinzi, mjini Chake Chake, kwa mama mjane wa miaka hamsini hivi. Chumba kilikuwa cha nje, mlango wake ukiangalia barazani, na ndani ya nyumba aliishi yeye, binti yake wa miaka ishirini na miwili, na mama yake mzazi, bibi aliyepigwa na kiharusi na kupoteza maneno. Bibi alikuwa akikamata mkono wa mtu yeyote aliyempita, anaunusa, halafu anacheka. Mimi alinicheka zaidi ya wengine.

Mchana nilibandika protekta sokoni. Jioni nilikusanya. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba nikiomba vitu vilivyochakaa: vitana, vijiko, kata, pasi ya mkaa, tochi, redio isiyosema. Hakuna aliyeninyima. Niliona ni ukarimu wa watu wa kule, na kweli walikuwa wakarimu, ila kulikuwa na jambo sikulielewa. Mimi nikisema "naomba," nilikuwa nimepewa. Wao walikuwa wameniazima. Jirani mwenye tochi alipita kila Ijumaa baada ya sala kuniuliza, "Yakhe, tochi imeshapona?" Alidhani mimi ni fundi. Mwenye redio naye. Mmoja aliyekuja kutazama maonyesho yangu ya kwanza, ambayo yalihudhuriwa na yeye, mwenye nyumba na kuku, aliinua birika na kusema, "Hii yetu. Mke wangu anaitafuta," akaondoka nayo. Nikaandika daftarini: *kipande kimeondolewa na mdau*.

Kila kitu nilikifungia karatasi ya maelezo, na hapo ndipo nilipojiona mwandishi. Kwenye kitana nilichopewa na kinyozi niliandika: "Kitana hiki kilimwona kijana akiagana na mpenziwe gatini." Sikumuuliza kinyozi. Kwenye kata ya maji: "Iliwanywesha mabaharia watatu wasiorudi." Binti wa mwenye nyumba alikuwa akisoma karatasi hizo kupitia dirishani, akicheka mpaka anashika ukuta.

"Mjomba, mabaharia gani? Hiyo kata ya yule mama wa Hamamni, wanachotea maji ya ng'ombe."

"Sanaa, mwanangu," nilimwambia.

Kitu kimoja tu nilinyimwa. Mwenye nyumba alikuwa na mkanda wa ngozi wa marehemu mumewe, unaning'inia kwenye msumari wa chumba cha ndani. Niliuomba mara tatu kwa ajili ya ghala langu. Mara zote jibu lilikuwa moja: "Huo hautoki." Suruali yangu wakati huo niliifunga kwa kamba ya katani, ambayo iliniwasha tumbo kutwa nzima, lakini naapa, haikunijia hata kidogo kwamba mkanda unaweza pia kuvaliwa.

Sasa nije kwenye mbuzi. Siku hizo mwenye nyumba alikwenda Micheweni kumsaidia dada yake kazi ya mwani, akakaa wiki tatu. Nazi nyumbani zilikuwa zikikunwa kwa mashine dukani, na mbuzi ya zamani ilikaa uani, kuku wakiiparamia. Ilikuwa nzito, ya mti mweusi, ulimi wake wa chuma umeliwa meno. Miguu yake ilikuwa imezungushiwa vitambaa vya pindo za kanga, sita au saba, vyeusi kwa moshi wa jikoni, vimejaa vifundo. Nilimwomba binti. Akasema, "Chukua, mjomba. Ya bibi hiyo, hatuitumii."

Niliipeleka chumbani kama mtu aliyeokota johari. Nilichora picha yake daftarini, mchoro ambao baadaye watu waliufananisha na ng'ombe aliyeumwa. Kisha nikaanza kuihifadhi. Kuhifadhi, kwa ufahamu wangu wa wakati ule, kulikuwa kusafisha. Nilivivua vitambaa vyote. Nikafungua kila kifundo, vingine kwa meno, maana vilikaza. Nikavifua kwa sabuni, nikavipiga pasi kwa ile pasi ya mkaa, nikafurahi jinsi rangi zilivyochomoza: nyekundu, manjano, zambarau. Mbuzi yenyewe niliipiga msasa, kisha nikaipaka vanishi mara mbili. Iling'aa kama jeneza la tajiri.

Vitambaa sikuvitupa. Mimi si mtu wa kutupa. Nilivitumia kufungia karatasi za maelezo kwenye vitu vingine. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko haja, chenye maua ya korosho, nikakikata kwa mkasi mara moja, ukingo ukaenda mshazari. Nusu nikafungia karatasi ya kitana. Nusu ya pili nikakazia vitanzi viwili vya mbele vya suruali yangu, kamba ya katani nikaitupa jalalani. Ndiyo, kitu pekee nilichowahi kutupa. Tumbo likapumua.

Mwenye nyumba aliporudi, binti alimwambia mbuzi ipo kwa mpangaji. Akasema, "Akimaliza ataleta." Hakuingia chumbani kwangu tena kutazama, kwa kuwa ni chumba cha mwanamume asiye na mke, na mimi nikaona jambo limekwisha.

Miezi kadhaa baadaye ikaja posa kutoka Wingwi. Kijana alikuwa mwalimu, binti alimjua na alimtaka, hili nililijua kwa sababu aliacha kunicheka na kuanza kuimba. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku shangazi wa kijana alipokuja kunywa kahawa na kutafuta ujamaa, kama watu wa kule wanavyofanya: nani amezaliwa na nani, nani amekaa kwa nani. Shangazi huyo ndiye aliyemlea kijana, maana mama yake alifariki angali mchanga. Katika mazungumzo akasema, bila kudhamiria lolote, kwamba marehemu alipolazwa Chake, kichanga kilikaa siku chache Tibirinzi, kwa mama mmoja aliyekuwa na maziwa.

Nilikuwa barazani na simu ya mtu mkononi. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Mama yupi?" mwenye nyumba aliuliza.

Ilibainika ni bibi yetu. Wakati huo alikuwa ananyonyesha kitinda mimba wake, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ameolewa Micheweni, hakuona. Kama bibi alimnyonyesha kijana yule hasa, basi kijana ni mtoto wake wa ziwa, ndugu wa mwenye nyumba, mjomba wa binti. Na mtu haolewi na mjomba wake. Bibi aliulizwa. Akamshika shangazi mkono, akaunusa, akacheka.

"Hatuna haja ya kubabaika," mwenye nyumba alisema. "Mbuzi ya mama itasema."

Nikasikia maelezo ambayo, kama ningeyauliza siku ya kwanza, ningekuwa mtu mwingine. Bibi alikuwa na maziwa mengi, akanyonyesha watoto wa watu wengi. Hakujua kuandika, na aliogopa siku moja kuozesha ndugu kwa ndugu. Basi kila mtoto aliyemnyonyesha, alichana pindo ya kanga ya mama yake, akaifunga kwenye mguu wa mbuzi ya jikoni. Kila mtoto akinyonya akashiba, kifundo kimoja. Vikifika vitano, mtoto ni wake, kwa kuwa ndivyo Shehe wa zama hizo alivyomfundisha: matano yanaharamisha, chini ya hapo hayaharamishi.

Siku zote hizo nilijiita mhifadhi. Mhifadhi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mtu aliyefua kumbukumbu zake kwa sabuni ya kipande.

Binti alikuja dirishani, ametoa macho. "Mjomba, lete mbuzi."

Niliibeba mpaka mlangoni. Ilikuwa inang'aa. Nilikuwa bado sijafahamu vizuri, nadhani hata nilitabasamu.

Mwenye nyumba aliinama akaitazama miguu. "Viko wapi vitambaa vya mama?"

"Vipo, bi mkubwa. Nimevipanga."

"Na vifundo?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa chini kwenye kizingiti akasema, kama anayejisemea, "Ntu mzima. Ametumia meno."

Siku ya pili, baada ya Alasiri, aliitwa Shehe wa msikiti wetu. Tulikaa barazani, yeye, mimi na shangazi juu ya mkeka, wengine nyuma ya pazia. Kabla hajafika, binti alinong'ona kupitia dirisha la chumba changu.

"Mjomba, mie ndiye niliyekupa."

"Najua. Kosa si lako."

"Waambie vifundo vyake vilikuwa vitatu. Weye si hodari wa kutunga?"

Nilifikiri. Kusema kweli nilifikiri sana. Nilishawazamisha mabaharia watatu kwa kata ya ng'ombe. Kutaja namba moja kungenigharimu nini? Sikujizuia kwa uchaji Mungu. Nilijizuia kwa sababu nilimwona Shehe akija, ameshika karatasi niliyoiandikia mbuzi, aliyopelekewa na mwenye nyumba.

Aliketi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Mbuzi hii ilichongwa na babu kwa mikono yake, chini ya mbalamwezi, kuwa zawadi ya harusi.'"

"Babu gani?" mwenye nyumba alidakia nyuma ya pazia. "Tuliinunua sokoni Wete, mie mwenyewe niliibeba kichwani!"

Shehe alinigeukia. "Sasa, ndugu yangu. Kila kitambaa kilikuwa na vifundo vingapi?"

"Sikumbuki, Shehe."

"Alhamdulillahi," akasema. "Neno la kwanza la kweli."

Shangazi alifungua furushi lake, akatoa kanga ya marehemu mama wa kijana, aliyoitunza tangu siku ya msiba. Ilikuwa ya maua ya korosho, na pindo yake upande mmoja ilichanwa. Walileta vitambaa vyote kutoka kwenye vitu vyangu. Cha kitana kilioana na kanga. Kisha mwenye nyumba, pazia likiwa mkononi, akasema kitu ambacho mimi na kidato changu cha nne tusingekiona hata kwa kioo cha kukuzia.

"Shehe, kinyanyue juani. Moshi ulikamata nje ya kifundo. Ndani haukufika."

Shehe akakinyanyua. Kweli. Kitambaa kilikuwa bado na kahawia hafifu ya moshi ambayo sabuni yangu ilishindwa kuitoa, na juu yake, kwa nafasi, palikuwa na madoa safi, rangi mpya kabisa, pale vifundo vilipokuwa vimefumba. Shehe akahesabu. Moja, mawili, na jingine ukingoni kabisa, matatu.

Pazia likapumua. Bangili zikalia.

Lakini shangazi alikuwa akipima kitambaa kwenye kanga. "Hakitoshi," akasema. "Pengo la huku refu. Kipande kingine kiko wapi?"

Walipekua karatasi zote. Hakipo. Wote wakanitazama. Hapo nikahisi kitu kikinikaza tumboni, na haikuwa hofu peke yake.

"Shehe," nikasema, "kipo kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

"Changu."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Niliomba ruhusa, nikaingia chumbani, nikakifungua, nikarudi barazani kama nilivyoingia kisiwani, suruali mkononi. Shehe alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akakiweka mbali na kanzu yake. Kilikuwa kimechakaa kwa jasho, lakini alipokielekeza juani madoa yalionekana. Moja ukingoni. Moja katikati.

"Mawili," akasema polepole.

"Matatu na mawili," akasema shangazi. Sauti yake ilishuka. "Matano."

Bangili hazikulia tena. Nilitazama miguu yangu, nikaona miji yote niliyopita bila kumharibia mtu yeyote maisha, nikatamani ningebaki Singida.

Mwenye nyumba alitoka nje. Alichutama, akachukua vipande viwili mkononi mwa Shehe. "Weye," akaniambia bila kunitazama, "ulikata kabla ya kupiga pasi au baada?"

"Baada."

"Mara ngapi?"

"Moja. Mshazari."

Akaweka kingo mbili za mshazari pamoja juu ya mkeka, akazisogeza, akazisogeza tena. Nusu ya ua la korosho ya kipande hiki ikakutana na nusu ya kipande kile, likawa ua zima. Na yale madoa mawili ya ukingoni, moja la huku na moja la huku, yakawa doa moja lililopitiwa na mkasi wangu.

"Hesabu, Shehe."

Shehe akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akahesabu kwa kidole, mara tatu. Manne. Akampa shangazi naye ahesabu. Manne. "Kwa madhehebu yetu," akasema, "manne hayaharamishi. Na Mungu ni mjuzi zaidi." Ndani pakasikika kigelegele kimoja, kikazibwa mdomo haraka kwa heshima ya Shehe.

Vile vipande vilipelekwa kwa bibi, avione. Akavipokea, akavinusa, kisha vidole vyake vikaanza kufunga vifundo, kimoja baada ya kingine, kwa kasi ambayo hatukuitegemea. Alipofika cha nne binti akamnyang'anya.

Baada ya hapo ghala langu lilikwisha lenyewe. Harusi inataka vyombo, na watu walikuja kuchukua vyao: tochi, kata, vijiko, pasi. Hawakunigombeza. Jirani wa tochi aliiwasha, haikuwaka, akasema, "Fundi gani weye," akaenda zake. Mbuzi ilikwanguliwa kwa vipande vya chupa, lakini vanishi ilikuwa imeshazama, na wali wa harusi, wageni wa Wingwi walisema kwa adabu, ulikuwa na harufu ya kabati. Mimi nilikula sahani mbili.

Niliondoka siku ya nne baada ya harusi, safari hii nikijua sirudi. Hakuna aliyenifukuza. Ila kila aliyepita barazani aliniangalia kiunoni, na mtu ana kiasi chake. Begi lilikuwa na kufuli zangu, funguo zangu, saa yangu na miwani. Mwenye nyumba alisimama mlangoni.

"Mkasi uache."

"Ni wangu, bi mkubwa."

"Najua. Uache." Niliutoa nikampa. Binti, aliyekuja na mumewe kuniaga, alikuwa na karatasi tayari. Akaufungia kwa uzi, akaisoma kwa sauti: "Mkasi huu ulikata mara moja tu, Alhamdulillahi." Nikakubali kwamba ni maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na yana kweli ndani yake.

Kisha mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na mkanda wa marehemu.

"Huu nakupa," akasema. "Umesikia? Sikuazimi. Nakupa, uvae."

Niliuvaa pale pale. Ulinitosha kwenye tundu la tatu, ambalo lilikuwa limetanuka kwa kutumika na mtu mwingine. Sikuandika karatasi.

Mkondo wa Pemba ulikuwa vilevile. Nilitapika kwa mikono yote miwili.